Percy Jackson: miungu ya Kigiriki imehamia mjini

Nilimnunulia mpwa wangu The Lightning Thief cha Rick Riordan, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Percy Jackson, kilichotoka mwaka 2005. Tukawa tunakisoma kwa zamu usiku, yeye kurasa zake, mimi zangu, na mara nyingi aliyechelewesha watu kulala ni mimi.

Percy ana miaka 12, anaishi New York, na kila shule inamfukuza. Siku ya ziara ya makumbusho, mwalimu wake wa hesabu anaota mabawa na kucha na kumrukia. Kumbe baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Zeus, mfalme wa miungu, naye ameibiwa radi yake, na anayeshukiwa ni huyu kijana. Safari ya kuitafuta inampeleka hadi Los Angeles, ambako mlango wa kuzimu uko ndani ya studio ya kurekodi muziki.

Raha ya kitabu ni kuiona miungu ikiishi kimjini. Olympus, makao ya miungu, iko ghorofa ya 600 ya Empire State Building, jengo lenye ghorofa 102, na lifti haipandi huko bila kadi maalumu. Dionysus, mungu wa mvinyo, amepigwa marufuku pombe na baba yake, kwa hiyo anasimamia kambi ya watoto wa miungu kama Percy huku amenuna, soda mkononi.

Sura ya Medusa, yule mwenye nywele za nyoka ambaye ukimtazama unageuka jiwe, ndiyo iliyotumaliza. Percy na wenzake wana njaa, wanaingia duka la sanamu za bustani, mwenye duka anawapa baga za bure. Sanamu zote zina nyuso za hofu, na Grover, rafiki yake Percy, anasema moja inafanana na mjomba wake Ferdinand. Mpwa wangu akaruka: “Mjomba, wasile!” Hadithi ya Medusa alishanisikia nikimsimulia, hivyo alijua kabla ya Percy. Kichwa cha Medusa kinaishia kufungwa kwenye boksi na kutumwa Olympus kama kifurushi. Ila hapo hapo kuna kitu kimenikera: Percy anamdhania yule mama ni mtu wa Mashariki ya Kati kwa sababu tu amejifunika gubigubi. Nilisimama kidogo tukaliongelea.

Katikati panachosha: wanafika mahali, zimwi linatokea, linapigwa, wanaondoka. Na utani mwingine ni wa Wamarekani wenyewe, ulitupita.

Kama una mtoto anayesumbuliwa na kusoma, mjaribishie hiki. Percy herufi zinamchezea machoni, na kambini anaambiwa ni kwa sababu ubongo wake umezoea Kigiriki cha kale. Riordan alikuwa mwalimu, na hadithi hii aliianza kwa kumsimulia mwanawe mwenye tatizo hilo hilo. Kiingereza chake ni chepesi. Wa darasa la sita anayekisoma vizuri atakimudu mwenyewe. Aliye chini ya hapo, msomee.