Nililipia chumba kizima cha treni, nikapewa vitanda vilivyotawanyika

"Kulala ni kulala, mama." Ndivyo alivyonijibu karani wa ofisi moja ya safari hapa Malindi, nilipomuuliza kwa nini tiketi zetu nne za treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, zina namba za vyumba viwili tofauti. Nilikuwa nimelipia chumba kizima. Nililitamka neno hilo mbele yake, nikaliandika tena kwenye WhatsApp, na ujumbe wa M-Pesa bado umo kwenye simu yangu. Jina la ofisi siliandiki hapa. Huduma yao nitaieleza, kwa sababu najua kuna wenzangu wa Malindi na Lamu wanaoiulizia safari hii ya Zambia kwa reli.

Kwanza tuelewane tunazungumzia treni gani. Huku kwetu treni ya vitanda haipo tena. Ile ya zamani ya Mombasa na Nairobi ilikoma mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilipoanza, na treni yake ya Madaraka Express, hata ile ya usiku, ni ya viti. Mtu wa pwani anayetaka kulala juu ya reli sharti avuke mpaka aende Tanzania. Huko kuna reli ya kati ya TRC, shirika la reli la Tanzania, ile njia ya zamani ya kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. Treni mpya ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma nayo ni ya viti. Halafu kuna TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, usiku mbili njiani ratiba ikitimia. Mara nyingi haitimii. Njia ni moja, treni zinasubiriana kwenye stesheni za kupishana, vichwa vya treni ni vichache, na sehemu nyingi dereva analazimika kwenda polepole kwa sababu ya hali ya reli. Kuchelewa nusu siku si habari ya kumshangaza mtu aliyeizoea, na hata siku nzima hutokea. Kwa hivyo kitanda chako kitakuwa sebule yako, meza yako ya chakula na mahali pako pa kuswali kwa muda mrefu kuliko ulivyoambiwa. Ndiyo sababu neno la yule karani limenikaa kooni mpaka leo.

Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, daraja la pili vitanda sita, daraja la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hawalazwi chumba kimoja, isipokuwa kundi moja limelipia vitanda vyote vya chumba hicho. Utaratibu huu ni mzuri na mimi nauunga mkono kabisa. Mwanamke anayesafiri peke yake anapata usingizi bila wasiwasi. Lakini una maana kubwa kwa familia. Sisi tulikuwa mimi, mume wangu, mwanetu wa kiume na mama yangu mzazi: watu wanne, vitanda vinne, chumba kimoja cha daraja la kwanza. Hesabu haiwezi kuwa nyepesi kuliko hiyo.

Karani, kwa maelezo yake mwenyewe, alikata tiketi mbili siku moja na nyingine mbili baadaye, jina moja moja, kitanda kimoja kimoja. Stesheni wakafanya wanachofanya siku zote: majina ya kike yakaenda chumba cha wanawake, ya kiume chumba cha wanaume, pamoja na wasafiri wengine. Na mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu hata kupanda ngazi za gati bila kushikwa mkono, akapangiwa kitanda cha juu. Kitanda cha juu! Kile unachokipanda kwa vikanyagio vidogo vya chuma huku behewa linayumba, na ukitaka kwenda msalani usiku unavishuka gizani.

Chumba kizima kinavyokatwa ni hivi, na wakala yeyote anayechukua pesa za watu anapaswa kujua. Majina yote yanapelekwa kwa pamoja, kama yalivyo kwenye pasipoti, na anayekwenda dirishani anatamka tangu mwanzo kwamba anataka chumba kizima, wala haombi "nafasi nne". Pesa ya vitanda vyote inalipwa mara moja. Mkiwa wawili, mume na mke, na mnataka kulala pamoja daraja la kwanza, mnalipia vitanda vinne na viwili vinabaki vitupu. Ni gharama, lakini ndiyo njia. Tiketi zikitoka, kabla ya kuondoka dirishani unazipanga mezani na kulinganisha: namba ya behewa iwe moja, namba ya chumba iwe moja, tarehe iwe moja, na kinachotofautiana kiwe namba ya kitanda tu. Hii ni kazi ya dakika mbili. Ukiona tofauti unairudisha pale pale, kwa sababu treni ikishajaa hakuna wa kubadilishana nawe isipokuwa kwa hisani ya msafiri mwenzako.

Mgonjwa wa magoti, mjamzito na mzee waombewe kitanda cha chini. Kina kasoro yake, mchana kinakuwa kiti cha watu wote wa chumbani, na mwenye kitanda cha juu anakalia shuka lako. Kijana atafurahia juu, ana faragha na hakuna wa kumwamsha. Kama kuna nafasi ya kuchagua, omba chumba cha katikati ya behewa. Vyumba vya mwisho viko juu ya magurudumu na karibu na choo, mtikisiko na harufu vyote vinakuwa vyako. Nilimwambia karani haya yote kuhusu mama yangu kabla ya kulipa. Akaitikia "sawa sawa". Hakuandika hata neno moja.

Sasa nisiwadhulumu. Tiketi zilikuwa halali, na majina hayakukosewa hata herufi, jambo ambalo mpakani si dogo. Tena alitukumbusha mapema cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapo alifanya vizuri kweli, maana mtu kutoka Kenya anaweza kudaiwa cheti hicho akiingia Tanzania na akiingia Zambia, na chanjo huhesabiwa halali baada ya siku 10 tangu kudungwa, kisha haina mwisho. Anayekwenda kuchanjwa wiki ya safari amechelewa. Pia alituambia sawasawa kwamba Mkenya haombi viza kwa nchi hizo mbili. Kwa hayo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu na kusema kijana bado anajifunza.

Halafu nikaitazama ratiba aliyotuandalia ya kutoka Malindi hadi Dar, na nyota zikaanza kupungua. Alitupangia basi la Mombasa kwenda Dar siku ile ile ya treni! Tufike, tushuke, tupande. Amewahi kusafiri njia hiyo huyu? Kutoka Malindi unafika Mombasa kwa saa mbili mpaka tatu, zaidi kama Mtwapa kumefunga. Basi la Dar likipitia Likoni kuna foleni ya kivuko, halafu Lungalunga unagonga muhuri wa kutoka Kenya, Horohoro wa kuingia Tanzania, mizigo inakaguliwa, na basi zima linamngoja abiria mmoja mwenye tatizo. Mbele yako kuna Tanga, Chalinze na msongamano wa kuingia jijini. Ukifika, mabasi ya mikoani huishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, njia ya uwanja wa ndege, upande mwingine kabisa wa jiji. Na asidhani mtu kwamba ni ile stesheni ya mjini ya TRC. Wako wanaopelekwa na teksi huko na treni yao ikaondokea kwingine.

Mpango wa mtu mzima ni huu: unaanza na siku ya treni, unarudi nyuma. Siku moja kamili kabla yake uwe umeshalala Dar. Siku ya nyuma yake ni ya basi kutoka Mombasa, ambalo kwa kawaida huondoka asubuhi, kwa hiyo usiku uliotangulia unalala Mombasa. Ndugu wa Lamu aongeze siku nyingine nzima, maana boti mpaka Mokowe na basi la Witu, Garsen na Malindi vinammalizia mchana wake. Ile siku ya mapumziko Dar ina kazi: unakwenda stesheni kuuliza kama treni inaondoka kweli. Safari za abiria za TAZARA hupunguzwa na hata kusimamishwa mara nyingine, na tangazo la mwezi uliopita si ahadi. Angalia pia saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Ikisomeka 13:50, hiyo ni saa nane kasoro dakika kumi mchana. Karani wetu alituandikia "saa 3" kwenye WhatsApp, na mpaka leo sijui alikusudia saa tatu asubuhi au saa tisa. Kwa wazee hilo ni jambo la kukosa safari.

Nilipompigia simu kumwomba arekebishe vyumba, alisema tiketi zimeshatoka na kwamba "huko ndani mtapangana wenyewe". Nikamweleza habari ya magoti ya mama. Ndipo akalisema lile neno lake la kulala ni kulala, akacheka, akakata simu. Mimi ni mkubwa wake kwa umri mbali sana. Hata shikamoo sikuidai, nilidai kusikilizwa tu.

Tumepangana wenyewe, ndiyo, kwa wema wa mama mmoja Msafwa aliyekuwa anarudi kwao Mbeya, akampisha mama yangu kitanda cha chini. Mungu amlipe. Wema wake hauwezi kuandikwa kwenye hesabu ya ile ofisi.

Mambo ambayo ofisi ingetuambia kama ingekuwa inajua inachouza ni haya. Maji ya vyooni huisha njiani, kwa hiyo kopo lako na dumu la lita tano ni lazima, mbali na maji ya kunywa. Usiku funga dirisha na ulikaze kwa kipande cha ubao, omba kwa mhudumu wa behewa, kwa sababu kwenye stesheni za usiku mikono hupita. Kuanzia Mlimba treni inapanda milima kuelekea Makambako, kwenye mahandaki na daraja la mto Mpanga lenye nguzo za karibu mita 50, na hapo ndipo baridi inapoanza. Makambako na Mbeya si mahali pa leso na kikoi. Wakati wa kusi huku kwetu, kule juu unahitaji sweta, soksi na blanketi la ziada. Chakula cha behewa la mkahawa kinafaa, wali na kuku au nyama, ila beba tende, mikate na chai kwenye chupa kwa zile saa ambazo treni imesimama porini. Kwa wanaoswali, upande wa Tanzania kibla ni kaskazini, na treni inaelekea kusini-magharibi, basi hesabu kutoka nyuma ya kichwa cha treni kuja kulia. Tunduma na Nakonde maofisa wa uhamiaji hupanda ndani, pamoja na wabadilishaji pesa. Badilisha kiasi kidogo tu cha kukutosha mpaka Kapiri, ukijua bei kabla. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja ukiingia Zambia.

Na safari yenyewe? Ni nzuri mno. Mapema, kabla giza halijaingia, ukibahatika unaona twiga na swala kwenye hifadhi ya Nyerere ukiwa umeegemea dirisha lako. Mama yangu alikaa kwenye kile kitanda cha chini akitazama nje na hakutaka kulala. Ndiyo maana hasira yangu haipoi: kitu kizuri namna hii kimeuzwa na mtu asiyekijali.

Bado kuna la mwisho. Walituuzia pia basi la kutoka Kapiri Mposhi kwenda Lusaka, lenye saa maalumu, saa chache baada ya treni "kufika". Treni haikufika saa hiyo, na basi likaondoka na pesa yetu. Hakuna anayeijua reli hii atakayenunua tiketi ya mbele kabla hajashuka. Kapiri ni njia panda, Lusaka iko kama kilomita 200, na magari yapo. Unatoka stesheni ya TAZARA, ambayo si ile ya reli ya Zambia, unachukua teksi mpaka kituo cha mabasi, unalipa hapo hapo.

Nilisema nyota tatu. Nikashuka hadi mbili nilipoandika habari ya basi la Dar. Sasa naweka moja, na hiyo moja ni ya cheti cha homa ya manjano. Ofisi inirudishie tofauti ya pesa waliyonitoza kwa ajili ya chumba kizima, pamoja na nauli ya basi la Lusaka, kwa namba ile ile iliyowalipa. Na yule kijana ampigie mama yangu simu, amwombe radhi yeye, si mimi.