Kibanda cha Dawa za Ngozi Kariakoo: Majani Mazuri, Vifungashio Duni

Wauzaji wa dawa za asili ni wengi mno Kariakoo, na wengi wao hupanga mizizi, magome na unga wa kila rangi bila kumwambia mnunuzi kilichomo. Kibanda ninachokizungumzia hapa, kilichopo katika mojawapo ya vichochoro vinavyozunguka soko, kinajulikana zaidi kwa dawa za ngozi, na sifa hiyo kinaistahili. Mwenye kibanda, mama wa makamo mwenyeji wa Handeni, huuza mmea ukiwa bado unatambulika, jani likiwa jani na gome likiwa gome, kisha humweleza mteja sehemu inayotumika, namna ya kuiandaa na mahali ambapo haipaswi kupakwa.

Kilichonivutia zaidi ni majani ya mwarobaini. Yamekaushwa kivulini, kwa hiyo bado ni ya kijani na uchungu wake haujapotea, tofauti na yale yanayoanikwa juani hadi yakageuka kahawia. Mti huu ulitoka Asia ya Kusini, lakini umeota mizizi katika maisha ya vijiji vya pwani kiasi kwamba ni vigumu kumpata mama asiyejua kumchemshia maji ya kuogea mtoto mwenye upele au tetekuwanga. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa majani na mbegu zake zina kemikali zinazozuia baadhi ya bakteria na fangasi, ingawa kuua fangasi katika chupa ya maabara si sawa na kumponya mgonjwa. Kuhusu upele, muuzaji husisitiza jambo ambalo hata zahanati hulisisitiza: watu wote wa nyumba moja watibiwe kwa pamoja, na nguo na mashuka yao yafuliwe, la sivyo muwasho utarudi hata maji ya mwarobaini yakiwa makali namna gani. Anauza pia mafuta ya mbegu za mti huo, na nilimsikia akimwonya kila mnunuzi kwamba ni ya kupaka tu. Onyo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu wapo watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapatwa na degedege, na wengine wakapoteza maisha.

Shubiri yake huuzwa jani zima, likiwa bichi. Hufundisha kulikata, kulisimamisha ili utomvu wa njano uchuruzike, kisha kuchukua ute mweupe wa ndani peke yake kwa ajili ya ngozi iliyoungua kidogo au iliyokauka, kwa kuwa ule utomvu wa njano huweza kuwasha ngozi. Ndulele nazo zipo, zile za njano zilizoiva, ambazo vijijini hukamuliwa maji yake juu ya choa na mapunye. Hapa ningependa tahadhari itolewe kwa sauti kubwa zaidi, maana tunda hilo lina sumu likiliwa na rangi yake humvutia mtoto. Manjano na mafuta ya nyonyo ni ya kawaida. Hayana tofauti na yanayopatikana kwingine.

Sababu kubwa ya kukipendekeza kibanda hiki ni kwamba mwenyewe hukubali kukosa biashara. Nikiwa pale alifika baba mmoja akitaka dawa ya baka lililopauka kwenye mkono wa mwanawe, akidhani ni fangasi. Mama yule alimuuliza, “Baba, ukiligusa baka hilo mtoto anasikia?” Alipojibiwa kwamba mtoto hasikii vizuri, hakufungua hata kopo moja. “Mpeleke hospitali kwanza, baba yangu. Dawa zangu zipo tu.” Baka lililopoteza hisia ni mojawapo ya dalili kuu za ukoma, ugonjwa unaopona kwa vidonge vinavyotolewa bure, lakini ukicheleweshwa huharibu neva na kuacha ulemavu. Muuzaji anayeuliza swali hilo anastahili kuaminiwa kuliko yule mwenye dawa ya kila ugonjwa.

Kasoro yake ipo kwenye bidhaa zilizosagwa. Unga hufungwa katika mifuko ya plastiki isiyo na jina la mmea, tarehe ya kusagwa wala kipimo, na maelezo yote hubaki mdomoni mwa muuzaji. Mteja akifika nyumbani amesahau, au akimwagiza mtu mwingine, maelezo hayo hupotea kabisa. Wakati wa masika unga huo hushika unyevu na kuota ukungu, na kuupaka kwenye kidonda ni kujitafutia balaa. Lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono ingetosha kabisa. Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, na wataalamu wa aina hiyo ndio wanaoweza kumsaidia muuzaji kupata jina la kitaalamu la kila mmea anaouza.

Jambo jingine la kuheshimu ni kwamba hauzi krimu za kuchanganya. Jijini zipo krimu nyingi zinazoitwa za asili ambazo hutuliza muwasho ndani ya siku mbili tu, na kasi hiyo yenyewe inatia shaka, kwani baadhi ya krimu za namna hiyo duniani zimepatikana zikiwa zimetiwa kwa siri steroidi, yaani dawa za hospitali za kutuliza uvimbe na muwasho. Choa kikipakwa steroidi huonekana kufifia, huku fangasi wakiendelea kusambaa chini kwa chini, na ngozi ya mtumiaji wa muda mrefu hukonda na kuchanika.

Fungu la majani makavu nililipata kwa shilingi 1,000, na jani la shubiri kwa bei hiyo hiyo. Ningewashauri wanunuzi wachukue majani na shubiri, waache unga hadi utakapowekewa lebo, na waende asubuhi, kabla msongamano wa wateja haujamnyima mama yule nafasi ya kueleza.