Uzoefu wangu: kutolewa uvimbe wa mafuta ndani ya paja

Uvimbe wangu ulikuwa nyuma ya paja la kulia, ndani kabisa, hauumi wala hauna joto. Kwetu Ngamiani, Tanga, kila aliyeushika alisema, "Dada, hayo mafuta tu, hayana neno." Na kweli vinundu vingi vya mafuta chini ya ngozi havina madhara. Ila wangu ulikuwa umepita sentimita 5 na ulijificha katikati ya msuli. Mtu mwenye hali hizo mbili asikubali kukatwa haraka. Zahanati moja ilitaka kuutoa siku ileile kwa ganzi ya sindano, bila picha yoyote. Nikakataa.

Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, nilifanyiwa altrasaundi, kisha nikapewa rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Picha ilionyesha mafuta yenye kuta nene ndani yake. Wakachukua kinyama kwa sindano, na majibu yakawa: uvimbe wa mafuta wa daraja la chini, yaani si saratani kali, ule ambao seli zake huwa na nakala nyingi kupita kiasi za kinasaba kiitwacho MDM2. Nililia. Daktari wa upasuaji akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mama, huu ukiwa mguuni hausambai mapafuni, labda uje ubadilike uwe mkali, na hilo ni nadra. Tabia yake ni kurudi palepale." Kwa maelezo hayo peke yake nampa alama zote.

Alinichorea kwenye karatasi mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka nyuma ya paja. Uvimbe uliuegemea. Saratani kali hukatwa pamoja na sehemu ya nyama yenye afya ya pembeni, lakini huu wangu unatosha kutolewa mzima na ganda lake, bila kupasuliwa vipande, na mshipa ukabaki. Kwangu hilo ni kubwa, maana nashona kwa cherehani ya miguu.

Nilipigwa nusu kaputi. Nilipoamka jambo la kwanza nilijaribu kuinua kidole gumba cha mguu, kikainuka. Waliniwekea mrija wa kutoa majimaji, nao ndio ulionisumbua kuliko mshono. Wauguzi walikuja kila nilipoita. Mionzi sikuhitaji.

Kisichonifurahisha ni majibu ya patholojia, yaani ya maabara, ya uvimbe wenyewe baada ya kutolewa. Yalichelewa mno, na kila nikipiga simu naambiwa njoo, utadhani Tanga ni Kariakoo. Nauli ya basi na malazi vilikula akiba yangu vibaya, na bima haigusi hayo. Mwenye ndugu Dar amwombe awe anafuatilia.

Sasa natembea vizuri, napiga pedali, ingawa ngozi karibu na kovu bado ina ganzi. Kliniki naendelea kwenda, kwa sababu uvimbe huu unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi. Ripoti ya patholojia na CD ya MRI viombe mapema uwe na nakala zako, daktari mwingine atavihitaji.