Kaskazi hii, nunua nini cha kusikilizia muziki wa sauti ya chini?

Ninaouzungumzia hapa ni muziki wa wasanii wanaojirekodia wenyewe chumbani: gitaa moja, mtu anayeimba kama yuko pembeni yako, na mvumo wa mkanda chini yake. Mfano mzuri ni albamu ya Mmarekani Devendra Banhart, Oh Me Oh My, iliyotoka 2002. Aliirekodi kwa mashine ya kanda yenye njia nne, na mvumo wake aliuacha humo humo. Kwetu Unguja na Pemba mvumo huo si mgeni. Aliyekulia kwenye kanda za taarab, au aliyewahi kuzisikia rekodi za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, sikio lake linajua kumfuata mwimbaji nyuma ya mkwaruzo. Basi ukienda sokoni Darajani usiulize kipi kina besi nzito. Uliza kipi kinasikika vizuri kikipunguzwa.

Nafasi ya kwanza naipa hedifoni nyepesi ya waya, ile ya sponji inayokaa juu ya sikio bila kulifunika lote. Hizi kubwa za ngozi bandia hazifai kwa fukuto la Disemba hadi Machi. Masikio yanalowa jasho, na baada ya muda ngozi hubanduka vipande vyeusi vinavyoganda mashavuni. Sponji inapitisha hewa, na ikichakaa unabadilisha sponji tu. Tena haina betri ya kuchaji. Hilo kwetu si jambo dogo: anayekumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima, anajua thamani ya kitu kisichodai chaji chake chenyewe. Simu yako ikiwa haina tundu la hedifoni, nunua na adapta ya Type-C hapo hapo, uijaribu kabla hujalipa.

Namna ya kujaribu ni hii. Mwambie muuzaji, "Kaka, niwekee wimbo wangu mwenyewe," kisha punguza sauti mpaka karibu na mwisho. Sikiliza kidole kinapoteleza kwenye uzi wa gitaa. Kama mtelezo ule mdogo unausikia pamoja na pumzi ya mwimbaji, hedifoni ni nzuri hata kama jina lililoandikwa juu yake hulijui. Halafu shika waya pale unapoingia kwenye plagi, uukunje taratibu huku na huku wimbo ukiendelea. Upande mmoja ukikatika hata mara moja, irudishe. Kasoro yake ni kwamba sauti inavuja nje, kwa hiyo kwenye daladala jirani yako atasikiliza na yeye.

Ya pili ni spika ndogo ya Bluetooth, kwa barazani na kwa wanaoshinda Jambiani au Nungwi. Hapa angalia maandishi ya IP67. Sita ni kwamba vumbi haliingii, saba ni kwamba inavumilia kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa. Ikiandikwa IPX7, maji imepimwa lakini vumbi haikupimwa, na mchanga wetu wa pwani ni laini kama unga. Kipimo hicho ni cha maji baridi, si cha bahari. Ukitoka pwani isuuze kwa maji ya kawaida kifuniko cha tundu la chaji kikiwa kimefungwa, na usiichaji mpaka ikauke. Usiiache juani pia, joto linaua betri. Nyingi za ukubwa huu zina spika moja tu ndani. Kwa rekodi kongwe hukosi kitu, maana zenyewe zilikuwa za mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili. Kwa muziki ambao gitaa linahama kutoka sikio hili kwenda lile, unakosa nusu ya utamu, na ndiyo maana sikuipa nafasi ya kwanza.

Zile ndogo za kupachika sikioni zisizo na waya naziweka ya tatu. Ni nyepesi, ila jasho linaziingia, betri zake ndogo huchoka mapema, na ikipotea moja jozi imekwisha.

Sabufa ni ya mwisho. Arusini inafaa sana, lakini kwa muziki huu besi yake inalifunika gitaa lote.

Pesa itakayobaki nunua memori kadi, kama simu yako inaipokea, na albamu yenyewe. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni lililoanza 2008, inauza albamu za wasanii wa aina hii, na ukishalipa kwa kadi inayokubali malipo ya mtandaoni unashusha mafaili yakawa yako, huhitaji bando kila unapotaka kusikiliza. Ukipewa chaguo la aina ya faili, chukua FLAC. Ni zito kuliko MP3, lakini halipunguzi chochote katika sauti.