Saa kuukuu ya mkono: ipi uanze nayo, na ukague nini kabla ya kulipa

Kwenye saa kuukuu, anza na uso. Mashine inasafishwa, kioo kinabadilishwa, mkanda unapatikana popote, lakini uso uliokwanguliwa na kupakwa rangi upya haurudi tena. Kwa hiyo hapa tumeanza na saa ambayo mnunuzi mgeni anaweza kuihakiki kwa macho yake, tukamalizia na ile inayotaka mzoefu, hata kama ndiyo iliyotengenezwa vizuri kuliko zote.

1. Seiko 5 yenye mashine ya 7009 au 6309

Hii inaongoza, tena kwa mbali. Zilitoka kwa wingi kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970, vipuri hupatikana kwa kuchinja saa nyingine, na fundi saa wengi wamezizoea. Zaidi ya hapo, saa yenyewe hubeba kumbukumbu zake.

Igeuze. Mfunikoni kuna namba ya tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine. Nne za mwanzo ni aina ya mashine, za mwisho ni aina ya bodi, yaani ganda la chuma linalobeba mashine. Kando yake kuna namba ya tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Saa ya 7009 yenye namba inayoanza na 82 ni ya Februari 1978 au 1988. Muongo haujaandikwa, unaukisia kutokana na aina ya mashine na mtindo wa bodi.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame ukingo wa chini wa uso, kwenye alama ya 6. Pana maandishi madogo sana yanayotakiwa kuanza na namba ileile ya mashine. Tarakimu zinazofuata kistari zinaweza kutofautiana na za mfunikoni, hilo si kosa. Kosa ni mfuniko kusema 7009 na uso kusema 6119, au uso kuandikwa 21 JEWELS, yaani idadi ya vito ndani ya mashine, wakati rota (kipande kizito kinachozunguka juu ya mashine) imeandikwa 17. Hapo umeshikilia saa mbili zilizounganishwa. Na kama maandishi hayo hayapo kabisa, au herufi zake zimevimba na kuvuja kingo, uso umepakwa upya. Nyuso za namna hiyo hutoka sana India, za rangi ya chungwa au kijani inayowaka, na hung'aa kama sahani mpya ndani ya bodi iliyochakaa. Uso wa asili wenye madoa machache una thamani kuliko huo.

Siku zikiwa kwa Kiingereza na Kiarabu usishtuke. Seiko ilitoa saa hizo kwa masoko ya Uarabuni.

Kisha ijaribu. Mashine ya 7009 haijazwi kwa mkono, springi yake hujazwa na mtikiso. Itikise taratibu mara kumi hivi, mshale wa sekunde uanze kutembea. Vuta kifundo, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, hadi mwisho: kwenye 7009 sekunde haisimami. Ikisimama papo hapo, na kifundo kinajaza springi, basi huenda ndani kuna mashine ya kisasa kama NH36. Badilisha siku na tarehe, ila usifanye hivyo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri kwa majira ya saa hiyo, kwa kuwa meno ya kalenda yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Sogeza mishale kwanza hadi mshale wa saa uelekee 6.

Omba mfuniko ufunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, mrudishie saa yake. Tazama pale mhimili wa kifundo unapoingilia, maana jasho na hewa ya chumvi ya pwani huanzia hapo. Kutu ya juu juu kwenye mhimili inatibika. Kutu iliyofika kwenye skrubu na magurudumu, achana nayo. Programu ya simu ya kupima mapigo inasaidia: mashine hizi hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Ikiwa imejaa na bado mzunguko wa balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku kuongoza mapigo) uko chini ya nyuzi 200, mafuta yamekauka. Hesabu gharama ya fundi ndani ya bei.

2. Citizen yenye mashine ya 8200

Karibu sawa na Seiko kwa uimara, na hii inajazwa kwa mkono pia. Namba ya mfunikoni huanza na mwisho wa mwaka, kisha tarakimu mbili za mwezi, 01 hadi 12. Inashika nafasi ya pili kwa sababu vipuri si rahisi kuvipata kama vya Seiko.

3. HMT ya kujaza kwa mkono

Kampuni ya serikali ya India iliyoanza kutengeneza saa mwaka 1961 huko Bangalore kwa ushirikiano na Citizen. Modeli yake iitwayo Janata ina mashine nyepesi ya vito 17 isiyomsumbua fundi. Tatizo ni uso: nyingi zinazouzwa leo zimepakwa upya. Nunua kwa bei ya saa ya kuvaa tu. Kioo ni cha plastiki, mikwaruzo yake hutoka kwa dawa ya meno na kitambaa.

4. Omega Seamaster ya miaka ya 1960

Mashine nzuri mno, mtego mkubwa mno. Namba ya bodi iko ndani ya mfuniko na namba ya utengenezaji iko juu ya mashine, kwa hiyo bila kuifungua hujui lolote. Mashine ya 552 au 565 inatakiwa kuwa na rangi ya shaba. Kioo cha asili kina alama ndogo ya Omega katikati, inayoonekana kwa lenzi tu. Uso ulioandikwa T SWISS MADE T ulipakwa tritiamu, kitu cha mionzi kinachofanya rangi iwake gizani, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Ukiwaka sana gizani, rangi hiyo imewekwa juzi. Tazama pia pembe za bodi: zikiwa za mviringo na laini, imesuguliwa kupita kiasi, na chuma kilicholiwa hakirudi.