Fender Rumble 500: wati zipo, mbona besi haisikiki?

Lalamiko linalojirudia kuhusu Rumble 500, amplifaya ya gita la besi, ni kwamba imeandikwa wati 500, lakini mpiga dramu akishaanza kutwanga, besi inazama. Mashine yenyewe haina hatia kubwa. Ni kombo, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, ya spika mbili za Eminence za inchi 10 pamoja na honi ya sauti za juu, na haizidi kilo 17, kwa hiyo mtu mmoja anaipakia kwenye bajaji bila kuomba msaada. Kwa nguvu iliyonayo, wepesi huo ni sifa ya kweli. Ila wati 500 huzipati kwa kuinunua tu.

Spika za ndani zina jumla ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kwenye omu 8 amplifaya inatoa wati 350. Hizo 500 zinakuja pale unapochomeka boksi la pili la omu 8 nyuma, mzigo wote ukashuka hadi omu 4. Hata hivyo usishangilie tarakimu. Kutoka wati 350 hadi 500 ni nyongeza ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja na nusu, ambayo katikati ya wimbo hakuna atakayeitambua. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ndiyo maana anayeiuza 500 akanunue Rumble 800 kwa ajili ya sauti tu hapati zaidi ya desibeli 2, na pengo mfukoni.

Kinachobadilisha mambo ni spika. Ukiongeza boksi la Rumble 210, lenye spika mbili za inchi 10, eneo linalosukuma hewa linakuwa mara mbili, nalo lina desibeli 3 zake. Jumlisha na ile moja na nusu ya wati: desibeli nne na nusu. Hizo zinasikika, na unazipata bila kuilazimisha mashine.

Kabla hujatoa hela ya boksi lakini, angalia nobu. Hapa ndipo sauti nyingi inapotea. Kitufe cha Contour kinakata sauti za kati na kupandisha za chini na za juu. Ukipiga peke yako chumbani inapendeza mno, ukiingia kwenye bendi besi inatoweka, kwa sababu gita la besi hutambulika masikioni zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 na 800. Kizime. Kosa la pili ni kuzungusha nobu ya Bass hadi mwisho. Kila desibeli 6 unazoongeza huko chini zinadai nguvu mara nne. Halafu kuna suala la spika yenyewe: ili itoe sauti ya ukubwa uleule kwenye hezi 40 kama ilivyotoa kwenye hezi 80, koni lazima itembee mara nne zaidi. Nyuzi ya E iliyo wazi iko hezi 41, na B ya gita la nyuzi tano iko hezi 31. Spika za inchi 10 zinafika kikomo cha kutembea mapema, zinaanza kugonga na kukwaruza, na mpigaji anadhani wati zimeisha.

Ipange hivi. Weka nobu nne za toni katikati, zima vitufe vya Bright, Contour na Vintage, pamoja na overdrive (ukwaruzo wa makusudi). Fungua volyumu ya gita yote. Kama gita lina betri ya volti 9 na imechoka, sauti itakwaruza hata ufanye nini, kwa hiyo anza na betri mpya. Shusha Master (sauti inayotoka), piga kwa nguvu uliyozoea kupiga jukwaani, pandisha Gain (sauti inayoingia) hadi uanze kusikia ukwaruzo, kisha rudi nyuma kidogo. Sasa pandisha Master huku dramu zikilia. Bado huisikii? Ongeza low mid (nobu ya sauti za kati-chini) kidogo na upunguze Bass kidogo. Mara nyingi hiyo inatosha, na Master inabaki na nafasi. Overdrive kidogo sana nayo husaidia besi kupenya, ila kwaya nyingi hazitaipenda.

Mahali unapoiweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kombo hii ni fupi, na mpigaji akisimama mita moja mbele yake, sauti za kati na za juu zinapita magotini. Yeye anasikia mvumo, anaongeza, na walio mstari wa mbele wanaumia. Inyanyue juu ya kreti la soda lililo imara, au iweke juu ya boksi la 210 ili spika za juu zifike usawa wa kifua. Usiiache mita moja kutoka ukutani: sauti inayorudi inafuta zile za karibu na hezi 86, ambazo ni moyo wa besi. Isogeze karibu na ukuta, ukiiachia nafasi ya hewa nyuma, na kama sasa inavuma kupita kiasi, punguza Bass.

Wengi watataka kutengenezewa boksi na fundi badala ya kununua la Fender, na hakuna ubaya, mradi ulipime. Spika ya omu 8 ikipimwa kwa mita husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma 3 na kitu, hiyo ni ya omu 4. Ukiichomeka pamoja na spika za ndani mzigo unashuka hadi omu 2.7, chini ya kikomo cha mashine cha omu 4. Itajizima katikati ya wimbo, au iungue. Maboksi mawili ya nje ya omu 8 nayo yanakupeleka palepale. Hakikisha pia chanya na hasi havijapishana: gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, na koni zote zitoke nje. Boksi moja likivuta ndani huku jingine likisukuma, sauti za chini zinauana, na utakuwa umenunua boksi ili besi ipungue.

Waya wa kuunganisha boksi uwe wa spika, milimita za mraba 1.5 kwenda juu. Waya wa gita una uzi mwembamba katikati. Unapata joto, unakula nguvu, na ukileta shoti unaweza kuua amplifaya.

Kombo peke yake inatosha mazoezi, hoteli, na kanisa la watu mia moja hivi lenye mpiga dramu mstaarabu. Ikiwa na 210, inamudu ukumbi wa wastani. Viwanjani au kwenye harusi ya nje usijidanganye, kwa sababu hakuna kuta za kurudisha sauti za chini. Huko tumia tundu la XLR nyuma kupeleka sauti kwenye mikisa, bonyeza swichi ya kukata ethi (waya wa ardhi) ya tundu hilo kama kuna mvumo wa umeme, na kombo ibaki kukusikilizisha wewe na mpiga dramu tu.

Ukiinunua iliyotumika kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake iingie kwenye hesabu unapopatana na muuzaji.