Ruzuku ndogo ya Rufford: maoni ya mweka hazina wa kikundi cha kasa, Pangani

Nauza samaki wa kukaanga, na pia ni mweka hazina wa kikundi cha watu kumi na wanne kinacholinda viota vya kasa kusini mwa mto Pangani. Kuna vikundi vya Kigombe na Moa vinavyoniuliza kila mara kama ruzuku za nje zina maana au ni kupotezeana muda. Nitajibu kwa ruzuku hii moja ya Rufford, maana pesa yake nimeishika mwenyewe.

Kwanza muielewe kazi. Mbele yetu baharini kuna kisiwa cha Maziwe. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa hasa, kina miti ya mivinje, kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Mivinje ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu tu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa hayo hayajui. Hurudi alikozaliwa, huchimba usiku, hutaga mayai mia na ziada, kisha hushuka baharini. Bamvua, yale maji makubwa, ikipita juu ya mayai, kiota chote kimekufa. Kwa hiyo sharti mtu avuke, ayatoe mayai, ayalete bara na kuyafukia upya mahali maji hayafiki. Tena mbio, kwa sababu baada ya saa chache tu kijusi hujishikiza kwenye ganda, na yai likipinduliwa hapo halianguliwi tena. Baba yangu mdogo, ambaye zamani alikula mayai hayo kama sisi sote, sasa huyabeba kwenye ndoo yenye mchanga akiwa amepiga magoti chomboni, asiruhusu hata wimbi liitikise.

Hiyo ndiyo kazi, na kazi hiyo inakula petroli.

Rufford ni taasisi ya hisani ya Uingereza inayotoa ruzuku ndogo kwa uhifadhi wa viumbe katika nchi zinazoendelea. Maombi hupelekwa kwa intaneti, mwombaji hutaja watu watatu wa kumthibitisha, na kazi ikiisha ripoti yake huwekwa kwenye tovuti yao, kila mtu aione. Ukimaliza vizuri unaweza kuomba tena. Mpwa wangu aliyesomea sayansi za bahari ndiye aliyeandika maombi yetu, kwa Kiingereza, na bila yeye tusingefika popote. Mifuko yote ya nje niliyowahi kuiona ni hivyo hivyo. Kikundi kisicho na kijana wa namna hiyo kimtafute kabla ya kutafuta pesa.

Nilichokipenda ni udogo wake. Paundi elfu chache hazijengi ofisi wala hazinunui gari, kwa hiyo hakuna wa kuzigombania. Tulinunua tochi za taa nyekundu, maana nyeupe humtisha kasa akarudi bila kutaga. Tukanunua vipimajoto vya kuchomeka mchangani, na hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonikosesha usingizi: joto la mchanga ndilo linaloamua mtoto awe dume au jike, na mchanga ukiwa na joto sana wanatoka majike watupu. Basi mahali tunapohamishia viota si pa kuchagua kwa sababu pako karibu na njia. Sasa tunatafuta penye kivuli kidogo, tunaandika joto kila siku, na tunangoja siku hamsini hadi sitini. Miaka yote tulikuwa tunafukia popote. Ruzuku ingekuwa imetuletea vipimajoto hivyo peke yake, ningeisifu.

Mfuko mwingine, ambao sitautaja, uliwahi kututaka tutumie karibu nusu ya pesa kwa semina ya hotelini mjini Tanga. Tulikataa, na ninafurahi tulikataa.

Usumbufu mkubwa tuliupata benki. Pesa ilifika, ikazuiwa wiki tano kwa kuwa imetoka nje, kila ukienda unaambiwa lete barua nyingine. Masika yakaingia, ambayo kwetu ndiyo majira kasa wanapanda zaidi, na boti iko ufukweni haina mafuta. Viota vitatu vya Maziwe vilizama juma moja tu. Nilikuwa na uchungu ambao sijui kuuandika. Fungueni akaunti ya kikundi mapema, na mwende kuwaeleza benki kabla pesa haijatumwa.

Halafu risiti. Petroli kwetu inauzwa kwenye madumu, na muuzaji hana mashine ya risiti. Nikafungua daftari: tarehe, lita, bei, nani kauza, nani kachukua, saini ya kila mmoja, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Nikapiga picha kila ukurasa na kumpa mpwa wangu auambatishe kwenye taarifa ya matumizi.

Kosa letu wenyewe, na naomba vikundi vingine visilirudie, ni kuandika bajeti ya vifaa na kusahau watu. Aliyelala ufukweni usiku mzima hakwenda kuvua alfajiri, na watoto wake walitaka chai kama kawaida. Tuliandika tochi, tukaandika ndoo, hatukuandika posho ya mlinzi. Kufika mwezi wa nne wanne kati ya kumi na wanne waliacha, na siwalaumu. Ripoti nayo ilitoka kwa Kiingereza, safi sana, lakini waliobeba mayai hawakuweza kuisoma mpaka nilipomwomba mpwa wangu aje tukae chini ya mti wa mkungu, aieleze kiota kwa kiota. Watu waliuliza maswali mpaka magharibi.

Tunaomba tena mwaka huu. Mstari wa kwanza wa bajeti ni posho ya walinzi wa usiku, wa pili petroli. Anayetaka kuliona daftari langu aje sokoni Pangani asubuhi, kabla sijawasha jiko.